Chumba cha Pasi Hakina Tatizo Lolote

Jumatatu, 3 Machi

Tumepata mkuu mpya. Nimekwisha.

Yule wa zamani alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na utaratibu. Akikasirika unamsikia tangu getini, unapata muda wa kujificha. Huyu ni mama wa makamo, mfupi, viatu vyake havina sauti. Anaongea chini chini mpaka inabidi uiname kumsikia. Na ukishamwinamia mtu, huwezi kumkimbia.

Saa mbili asubuhi alitukusanya kwenye chumba cha kupokelea nguo, katikati ya marundo ya mashuka ya hospitali. Akasema kiwanda chetu cha kufulia hakitabadilishwa na mashine mpya, wala na yeye. Kitabadilishwa na sisi wenyewe, kidogo kidogo, kila siku. Kazi ya kiongozi, akasema, si kupiga kelele. Ni kuuliza, kusikiliza, kisha kuuliza tena. Halafu akafunua ubao mkubwa mweupe. Kila idara ina safu yake: kupokea, kufua, kupiga pasi, kufungasha. Ukiona tatizo, bandika kadi nyekundu. Likitatuliwa, weka ya kijani. Hakuna atakayeadhibiwa kwa kubandika kadi nyekundu.

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Viganja vilikuwa vimelowa jasho, vikatoa mlio wa ndala zilizoingia maji.

Hakuna atakayeadhibiwa! Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa msimamizi wa chumba cha pasi. Nimewahi kuona watu wakiambiwa waseme ukweli bila woga. Siku hizi siwaoni.

Mpango: safu yetu ibaki nyeupe pe. Nimewaita watu wangu sita, nikawaambia kwa upole kwamba sisi hatuna matatizo, na atakayeona tatizo anijie mimi kwanza, na akinijia atajuta. Mama Mvuke akauliza: na kile kizuizi je? Huyo ndiye mkongwe wetu, yuko kwenye rola tangu kabla sijaoa. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana.

Shajara haina mdomo, basi naandika. Mbele ya rola kubwa ya kupigia pasi kuna upau wa chuma. Mkono ukisogea mno na kuugusa, mashine inasimama. Ndicho kizuizi. Mwezi wa kwanza kilianza kusimamisha mashine bila kuguswa na mtu, mara kumi kwa siku. Mashuka yakachelewa. Mkuu wa zamani akanguruma. Nikakifunga kwa waya. Mashine haikusimama tena, naye hakunguruma tena. Na kila asubuhi natia sahihi kwenye fomu ya ukaguzi: kizuizi kinafanya kazi.

Kuna mtu anayejua? Mama Mvuke. Labda na Mungu.

Jumanne, 4 Machi

Povu amejimaliza mwenyewe!

Povu ni msimamizi wa idara ya kufua. Jina amelipata kwa sabuni na kwa namna anavyoongea. Mwaka juzi alipewa cheti cha msimamizi bora, akakitundika mahali ambapo nikifungua mlango wangu nakiona chote, pamoja na saini. Basi leo saa moja na nusu nimekuta safu yake ina kadi nyekundu kumi na moja. Kumi na moja! Bomba linavuja. Sakafu inateleza. Sabuni inapimwa kwa macho. Na ya mwisho, kwa mwandiko wake mwenyewe: msimamizi huwa anakata watu kauli wakati wakieleza jambo.

Nikawaza, masikini, ana watoto. Nikawaza pia kwamba meza yake ni kubwa kuliko yangu.

Saa tatu mkuu akaja bila sauti, akasimama mbele ya ubao na kijitabu chake kidogo cheusi. Akasoma kadi zote. Akamshika Povu mkono. Akamwambia asante. Akauliza tuanze na ipi, na wafuaji wenyewe wakajibu, wakaanza kubishana kama watu waliokuwa wakingojea kuulizwa tangu wazaliwe.

Kisha akageuka. Akatazama safu yangu nyeupe. Akaniuliza, polepole vile, hali ikoje kwenye chumba cha pasi. Nikainama. Nikasema, shwari, mama, chumba cha pasi hakina tatizo lolote.

Akasema hongera. Tangu aanze kazi hizi hajawahi kuona chumba kisicho na tatizo. Angependa kuja Alhamisi kujifunza kwetu.

Akaandika kwenye kijitabu. Nilijaribu kusoma kichwa chini miguu juu. Niliona neno moja: Alhamisi. Alikuwa amelipigia mstari.

Sikuweza kula mchana. Mama Mapacha, mke wangu, ameniuliza jioni kama naumwa. Nimesema ni joto. Akasema joto gani linamfanya mtu atetemeke.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya. Chumba kisicho na tatizo kinatia shaka. Kinachotakiwa ni matatizo madogo madogo, yasiyo na meno. Nimefika mapema nikaandika kadi nyekundu tano kwa mkono wa kushoto, kila moja na mwandiko wake, ili ionekane watu wangu wana ari. Ufagio hauna mpini. Dirisha la pili linalia. Tunaomba kalamu. Maua yapo wapi? (Hiyo nilikuwa nimeishiwa.) Saa ya ukutani iko nyuma dakika nne.

Sijui ni shetani gani aliniandikia hiyo ya saa.

Fundi wa mashine alikuja mbio. Huyo ni kijeba mpole anayepiga mluzi akifanya kazi, na tangu ubao uwekwe anapiga mluzi zaidi. Katika robo saa ufagio una mpini, dirisha limetiwa grisi. Akapanda ngazi akarekebisha saa. Kisha, akiwa bado huko juu, akauliza kwa sauti: hii saa ilirudishwa nyuma na nani? Maana haichelewi, inatembea barabara. Mtu alizungusha mishale kwa makusudi.

Vichwa vyote vikageuka kuitazama saa.

Nilikuwa nimesahau! Ni mimi, mwaka jana, ili watu watoke kwa kuchelewa dakika nne kila siku na idadi ya mashuka ipande. Watu sita walikuwa wakipiga hesabu kwenye vidole. Nikasema huenda ni mtikisiko wa malori barabarani. Mama Mvuke akasema malori hayo yana akili sana. Wakacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Lakini hilo si kitu. Saa sita nimepita mbele ya ubao nikaona kadi ya sita kwenye safu yangu. Sikuiandika mimi. Herufi kubwa zilizoinama, kama za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na hataki kukosea: KIZUIZI CHA ROLA KIMEFUNGWA KWA WAYA. TUNAOGOPA.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Kadi sasa imo mfukoni mwangu.

Baadaye.

Mke wangu ameikuta alipokuwa akichambua nguo za kufua. Ameisoma mara mbili. Akauliza kizuizi ni nini. Nikamweleza kifupi, kitaalamu, kwa maneno mengi. Akauliza: sasa mkono wa mtu ukiingia? Nikasema hauingii. Akauliza: ukiingia, Baba Mapacha? Nikamwambia yeye hajui mambo ya uzalishaji.

Aliiweka kadi mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaenda kuwakagua watoto. Ningependelea anijibu.

Alhamisi, 6 Machi

Niliamka nimeamua. Naufungua ule waya kabla mkuu hajafika, mambo yaishe, hakuna aliyekufa.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa peke yangu na rola. Ina urefu wa vitanda viwili. Hata ikiwa imezimwa inatoa sauti ndogo, tik, tik, kama inayofikiri. Nikapiga magoti na koleo. Waya ulikuwa umepikwa kwa joto la miezi miwili, umekuwa mgumu kama mfupa. Nilivuta. Koleo likateleza, nikajigonga pua. Nilipoinama tena nikawaza jambo ambalo lilinigandisha: nikiufungua, mashine itaanza tena kusimama mara kumi kwa siku. Mkuu atauliza, mbona jana haikuwa ikisimama?

Nilikuwa bado nimepiga magoti nawaza hivyo nilipousikia mluzi. Fundi! Akauliza nafanya nini chini ya mashine. Nikasema nasali. Akavua kofia, maskini, akangoja nimalize. Ikabidi nisali kweli. Nilisali kwa dhati kuliko siku zote.

Saa nne mkuu akaja. Hakukaa kwenye kiti nilichompangusia. Alienda moja kwa moja kwa Mama Mvuke, akamwuliza ni kitu gani kingeifanya kazi yake iwe rahisi. Mama Mvuke akanitazama. Nikakohoa. Akaendelea kunitazama. Nikakohoa mpaka machozi. Akasema, taratibu: "Muulize msimamizi wetu, mama. Yeye anajua."

Mkuu akanigeukia. Macho saba yananitazama, nikimaanisha watu saba. Nikasema: feni! Tunahitaji feni.

Akaandika. Kisha akakunja mikono ya blauzi, akasema kiongozi asiyeijua kazi anauliza maswali ya kijinga, kwa hiyo angependa kupitisha shuka moja mwenyewe. Akashika pembe mbili za shuka. Akasogea kwenye rola. Vidole vyake ni vifupi, amevaa pete ya ndoa, na vilikuwa vinakwenda, vinakwenda, inchi kwa inchi, kuelekea mahali ambapo kizuizi kingemlinda kama mimi nisingekuwa mimi.

Nilipiga ukelele. Sijui nilisema nini. Wanasema nilisema "Jamani mama!" Nikairukia swichi ukutani nikaivuta.

Ilikuwa swichi kubwa. Ya jengo zima.

Giza, kisha kimya, kisha sauti ya Povu kutoka chumba cha pili akiuliza ni nani huyo mwana wa mtu. Mashine zake nne zilikuwa katikati ya kusuuza. Zilipowashwa upya zilianza mwanzo. Sare zote za wauguzi zimefuliwa mara mbili, na zile za buluu zimezipaka rangi zile nyeupe. Kuna hospitali kesho itakuwa na wauguzi wa rangi ya mawingu.

Mkuu hakupandisha sauti. Aliniuliza niliogopa nini. Nikasema nilidhani nimeona panya.

Akaniangalia muda mrefu. Hakuandika kitu. Afadhali angeandika.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala. Kila nikifumba macho naziona zile pembe za shuka.

Mpango wa tatu, na huu ni wa lazima: tatizo likijulikana, lazima liwe la mtu mwingine. Sina ubaya na fundi. Ni mtu mwema. Ndiyo maana atasamehewa haraka. Nimebandika kadi, mkono wa kushoto: FUNDI HAKAGUI MASHINE ZA PASI.

Nilitegemea atakasirika. Badala yake ameisoma, akajikuna, akasema ni kweli, huenda nimezembea. Akaniletea faili lake tuliangalie pamoja! Akasema yeye hufuata fomu ya ukaguzi wa kila siku, na fomu ikisema kila kitu kinafanya kazi, hana sababu ya kufungua mashine. Akafungua ukurasa. Kizuizi kinafanya kazi: sahihi yangu. Ukurasa. Sahihi yangu. Ukurasa, ukurasa, ukurasa. Sahihi yangu ina mkia mrefu mwishoni, niliubuni nilipopandishwa cheo, nikijivunia. Leo ile mikia ilikuwa imejipanga kama nge.

Fundi akasema: "Wewe unakagua kila siku bila kukosa, kaka. Ningekuwa na wasimamizi watano kama wewe ningelala usingizi."

Kisha akasema hata hivyo, kwa kuwa kuna aliyeandika kadi, Jumatatu atafungua rola aikague yote, skrubu kwa skrubu. Nikamwambia haina haja. Akasema haja ipo. Akaondoka na mluzi wake.

Jumatatu. Nina kesho, nusu siku, kuutoa ule waya na kufikiria jingine.

Povu amenipita kwenye korido akauliza kama nimeona panya mwingine. Nimecheka. Meno yaligongana.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika ilivyokuwa.

Kazi ya Jumamosi inaisha saa saba. Nilipanga kuutoa waya wakati wa chai ya saa nne, watu wakiwa nje. Saa nne kasorobo nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilikuwa nimejitolea kuwaletea chai ili watoke haraka. Mama Mvuke alikuwa peke yake kwenye rola akimalizia mashuka ya mwisho. Mwenzake alikwenda kuleta mengine. Shuka moja lilikuwa na mshono uliochanika. Uzi ukanasa kwenye kifungo cha mkono wa gauni lake.

Lilikuwa jambo dogo sana. Niliona shuka linaingia kama kawaida, kisha nikaona mkono wa gauni unalifuata. Alivuta. Akasukuma kizuizi kwa mkono mwingine, kama tulivyofundishwa. Akasukuma tena. Hakikusogea. Akanitazama. Hakusema kizuizi, hakusema waya. Aliniita kwa cheo changu. "Msimamizi!"

Nilisimama. Miguu ilikuwa yangu lakini haikunisikia. Swichi ya rola ilikuwa hatua nne kutoka kwangu, ya kijani na nyekundu, naijua kama ninavyowajua wanangu, na nikasimama na sinia langu la chai kama mtu anayengoja apigwe picha.

Povu ndiye aliyepita. Alikuwa anakuja, nadhani, kuniuliza habari za panya. Aliruka juu ya kikapu cha mashuka, na mwili wake ule, akapiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Rola ikasimama.

Vidole vyote vipo. Nimevihesabu kwa mbali, nikavihesabu tena. Mkono wa gauni umeungua mpaka kwenye kiwiko, na ngozi ya kifundo cha mkono imekuwa nyekundu na malengelenge mawili. Povu alimshika mkono, akampeleka kwenye bomba la maji baridi, akakaa naye hapo huku maji yakimwagika kwenye viatu vyake. Hakukata kauli ya mtu.

Mimi nilikuwa bado nimeshika sinia. Hakuna kikombe kilichomwagika. Ndicho kitu kinachonitia aibu kuliko vyote.

Mama Mvuke, alipokuwa akipelekwa zahanati, alipita mbele yangu. Akasema: "Niliandika kadi, mwanangu."

Nimemweleza mke wangu yote. Amelia kidogo. Akasema asubuhi utakwenda kumwona yule mama. Nikasema nitakwenda. Akasema si kwamba utakwenda, tutakwenda, maana wewe ukifika kwenye kona utageuka.

Jumatatu, 10 Machi

Tulikwenda jana. Nilitaka kugeuka kwenye kona. Mke wangu alinishika mkanda. Mama Mvuke alitupokea mkono ukiwa umefungwa bandeji, akatupa viti, akawauliza mapacha wangu wanasoma darasa la ngapi. Nilimwomba msamaha nikitazama sakafu. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Alisema amesikia.

Leo saa mbili mkuu alitukusanya mbele ya rola. Nilikuwa nimevaa shati jipya, ili nikifukuzwa nionekane mtu. Fundi alikuwa ameshafungua mashine. Ule waya ulikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, kama kitu kilichotolewa tumboni mwa mgonjwa.

Mkuu hakuuliza ni nani. Nilingoja aulize, nilikuwa nimejiandalia majibu matatu. Akauliza ni nini kilichotokea. Mkono wa gauni ulinasa. Mbona mashine haikusimama? Kizuizi kilikuwa kimefungwa. Mbona kilifungwa? Fundi akasema kwa sauti ndogo kwamba springi ya ndani ilikuwa imechoka, ndiyo maana kilisimamisha ovyo, na kwamba ameibadilisha asubuhi hii. Dakika ishirini. Springi ndefu kama kidole gumba.

Dakika ishirini! Miezi miwili nimekuwa nikitoka jasho la kifo kwa ajili ya dakika ishirini.

Mkuu akauliza: basi, mbona haikuripotiwa? Watu wote wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wananificha, nadhani, au walikuwa wanaogopa. Na nikasikia sauti nyembamba ikisema mimi. Ni mimi. Nilifunga waya, nikatia sahihi, nikaficha kadi. Nikageuka kuona ni nani anayesema. Ilikuwa sauti yangu.

Nililia. Msimamizi wa mwaka wa tisa, kwa shati jipya.

Mkuu aliniacha nimalize. Kisha akasema asante, akasema ilikuwa vigumu kulisema, na kwamba jambo hili si dogo na hatalifanya dogo. Kuanzia leo sikagui tena rola peke yangu. Mama Mvuke akipona ndiye mkaguzi, na mimi nitasimama pembeni yake nijifunze. Fomu itakuwa na sahihi yake. Barua ya onyo itaingia kwenye faili langu, na nafasi ya msimamizi itaangaliwa upya baada ya miezi mitatu. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kuona. Akachukua kadi nyekundu, akaandika, akaibandika pembeni ya ubao, juu ya safu zote: MKUU ALIONA MSIMAMIZI ANAOGOPA, AKAANDIKA ALHAMISI, AKANGOJA. Akasema hiyo ni yake, na angependa tumsaidie kuibadilisha iwe ya kijani.

Povu alinipigapiga mgongoni. Nadhani kwa wema. Mkono wake ni mzito.

Usiku huu nitalala. Sijui ni lini mara ya mwisho nililala.

Jumatano, 12 Machi

Nililala! Na nimeamka nikiwa nimeelewa kila kitu.

Nimekuwa mjinga. Nilidhani mkuu anapenda chumba kisicho na makosa. Sivyo kabisa. Anapenda mtu anayekiri! Siku nzima jana watu wamekuwa wakinitazama kwa jicho la huruma. Mfungashaji mmoja amenigawia ndizi. Mkuu amenisalimia kwa jina langu kamili, mbele ya Povu. Na yote hayo kwa kukiri kosa moja tu. Sasa piga hesabu ya mtu anayekiri kosa kila wiki.

Shida ni kwamba sina kosa jingine kubwa. Nimekaa nikatafuta. Ile ya saa ya ukutani imeshajulikana. Na miezi mitatu si mingi, barua ile imo kwenye faili. Lazima nionekane nimebadilika, tena haraka.

Kwa hiyo leo mchana, watu wakiwa kwenye chakula, nimelegeza skrubu ya gurudumu la mbele la toroli kubwa, lile la kubebea mashuka yaliyolowa. Skrubu moja tu. Ijumaa saa nne, wakati wa mkutano wa ubao, nitasimama, nitameza mate, nitasema kwa sauti ya chini kama ya mkuu: ndugu zangu, kuna toroli, na kosa ni langu, sikulikagua. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo. Kwenye neno "langu" natua kidogo.

Nimemweleza Mama Mapacha mpango wote, nikidhani atafurahi kuona mumewe anakua kiuongozi. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Akaacha kukunja. Akauliza toroli hilo linabeba uzito gani likijaa. Nikamwambia kama watu watatu. Akauliza linapita wapi. Nikamwambia kwenye mteremko wa kupakilia. Akauliza kuanzia leo mpaka hiyo Ijumaa saa nne, litakuwa likisukumwa na nani?

Sikuwa nimelifikiria hilo. Moyo umenipiga mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.

Lakini nimemtuliza. Nimemwambia asiwe mwoga. Ni siku mbili tu.